Kwa Jina la Bimkubwa

Raya wangu,

Assalaam alaykum, ingawa tumeagana mlangoni sasa hivi tu. Gari ya baba'ako imekata kona ya msikiti, na mie nimerudi ndani nimelikalia sanduku lako, maana bila ya kukaliwa halifungi. Mmekwenda kuaga. Kwanza Al-Khuwair kwa ami yako Khalfan, kisha Sib kwa ami yako Nassor, na mwisho Darsait kwa bibi yako, Bimkubwa. Hamtorudi mapema. Kila nyumba itataka ule, na hakuna itakayokubali kwamba umeshibia kwa mwenzake. Kwa hivyo nna nafasi, na nna kurasa nilizozichana kwenye daftari lako la zamani la hesabu.

Ya sanduku siyaandiki. Achari ya ndimu imefungwa vipi, koti liko upande gani, nimeshayasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, basi, utayaimba." Ya sala na heshima unayajua, na kama hukuyajua mpaka leo karatasi hii haitokufundisha. Nataka kukuandikia jambo moja. Kwa mdomo nimeshindwa, kila nikianza nalia, na wewe ukiniona nalia unacheka.

Juzi nilikuwa naanika nguo na dirisha lako liko wazi. Nikakusikia unamwambia rafiki yako kwenye simu, "Mama? Mama angeweza angenifungia kabatini. Bibi ndiye aliyeniruhusu." Mkacheka. Nikabaki na kibanio cha nguo mdomoni. Sikukasirika, Wallahi. Ndivyo ulivyoona, na mtu husema alichokiona. Lakini ndege yako kesho alfajiri, na sitaki uvuke bahari na hilo.

Mwandiko wangu uuvumilie. Skuli ya Unguja niliiacha mapema, tukaletwa huku Maskati, na Kiarabu nimekuja kukisoma ukubwani kwenye darasa za kinamama, wewe uko pajani unanisahihisha herufi. Kiswahili ndicho ninachokiandika nikafika ninakokwenda.

Unaikumbuka asubuhi ya vikombe?

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho wa skuli, umeazima kitabu kinene cha wafalme wa Hindi, unazunguka nacho nyumba nzima. Mie nimekaa mkekani nachagua mchele. Ukaja ukaniambia, "Mama, nisikilize, nikieleza kwa sauti ndipo yananikaa." Ukaichukua sahani ya tende ukaiweka katikati ya mkeka. "Hii ni Delhi. Hapa anakaa mfalme mkuu wa Wamoghali." Ukapanga vikombe vya kahawa pembeni. "Hiki Bengal, hiki Awadh, hiki Haidarabad. Kila jimbo lina liwali wake aliyepelekwa na mfalme, na kila mwaka liwali anapeleka kodi Delhi."

"Haya."

"Sasa, mfalme mkali akafa. Watoto wakapigania kiti, akakaa huyu, akatolewa, akakaa yule. Hazina ikakauka. Jeshi likawa halilipwi. Delhi ikawa jina tu."

"Maliwali wakaasi," nikasema, maana nilijiona nimeshaifahamu hadithi.

"Ndo uzuri wake, mama! Hawakuasi. Ijumaa khutba inasomwa kwa jina la mfalme vilevile. Sarafu zinapigwa kwa jina lake. Barua zinaanza kwa kumtukuza. Lakini kodi haifiki. Na liwali akifa anakalia kiti mwanawe, Delhi inaletewa habari ipige muhuri tu. Kila jimbo limekuwa ufalme, na kila mfalme mpya anasema: mimi ni mtumishi wa Delhi."

Nikaacha kuchagua mchele. Nikakwambia, "Raya, watu hawa nawajua."

"Unawajua wapi?"

"Hiki kikombe cha Bengal ni Thureya, mke wa ami yako Khalfan. Hawa hawakuasi, mwanangu. Hawa wamehama Darsait."

Ulicheka mpaka ukaimwaga Awadh yote mkekani.

Ulicheka kwa sababu unaikumbuka nyumba ya Darsait ilivyokuwa zamani vipande vipande, kama mtu anavyoikumbuka ndoto. Mie nimeishi ndani yake tangu nikiwa bibi harusi mpaka ukaota meno ya pili. Bibi yako alikuja kutoka Unguja mjane, na watoto wanne na cherahani ya mkono. Alishona mpaka vidole vikapinda. Wanawe walisoma kwa cherahani ile, na nyumba ile ilinyanyuka ghorofa juu ya ghorofa kwa cherahani ile, kabla hawajapata vyeo vyao vya wizarani. Kwa hivyo aliposema mtu hakupinga. Wana watatu, wake watatu, watoto hatuhesabu, na jiko moja. Kabati la samli na zafarani lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Ukitaka kwenda Matrah kununua kanga unamwomba. Ukitaka kumpeleka mtoto hospitali unamwomba, na anakwenda yeye, wewe unabaki kupika. Neno la kumaliza maneno lilikuwa moja: "Bimkubwa kasema." Likishasemwa, hata paka hushuka mezani.

Sikuandikii haya kumsengenya. Baba'ako alipokosa kazi, muda mrefu kuliko anaokubali kuutaja, hakuna mtu aliyeweza kujua kwa kuiangalia sahani ni mume wa nani analeta na wa nani haleti. Nilipokuzaa nikashikwa na homa, nilifumbua macho nikamkuta Bimkubwa kakaa chini, kakupakata, anakuimbia, na kanga yake imelowa maji ya kunikanda. Watu husema ubaya wa dola kubwa, na ni kweli. Lakini kivuli chake nacho ni kikubwa, na mimi nilikaa kivulini mwake nikapona.

Sasa nikwambie dola ile ilianzaje kupasuka, kwa sababu hukuwepo pale shimoni, ulikuwa umelala.

Unajua shuwa ya Idd inavyofanywa. Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inatiwa kwenye makapu ya makuti, inafukiwa kwenye tanuri la uani na kuachwa mpaka itakapofukuliwa. Nyumba nyingine kila mtu hulitia alama kapu lake, waya au kitambaa, ili likitoka kwenye moto alijue. Bimkubwa alikataza. "Nyama ya nyumba hii ni moja. Anayetaka alama na achimbe shimo lake." Basi miaka yote makapu yetu yalitoka meusi, yanafanana, akayafungua yeye, akagawa yeye.

Idd moja wakalifukua tanuri. La kwanza likatoka, la pili likatoka, la tatu likatoka na ukanda wa kitambaa chekundu, umeungua nusu, umefungwa fundo tatu. Kila mtu akautazama ule ukanda, kisha kila mtu akatazama pengine. Thureya akawa anashughulika na kilemba cha mtoto ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Bimkubwa akaushika, akausugua kati ya vidole, akasema, "Kitambaa kizuri hiki. Hakichuji." Basi. Akagawa nyama kama kawaida, ila kapu lile hakulifungua. Alilisukuma kwa mguu, taratibu, kuelekea kwa mwenyewe.

Mwaka ule ule Khalfan alipata kiwanja Al-Khuwair. Alipohama alituaga: "Bimkubwa kasema tuhame, watoto wapate nafasi." Nassor akafuata, Sib: "Bimkubwa kasema hewa ya Sib nzuri." Bimkubwa mwenyewe sukari ilikuwa imeshaanza kumla macho na miguu haimchukui. Ijumaa wote wanarudi Darsait na masufuria yaliyofunikwa, wanambusu kichwa, wanakula, wanamsifu. Huko kwao, mwana wa Khalfan anaposwa: Bimkubwa kasema. Mke wa Nassor hataki wageni wa Ramadhani: Bimkubwa kasema. Siku moja nimo jikoni na Bimkubwa, namshikia kikombe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza jambo la aibu, "Zuwena, hivi mie huwa nasema saa ngapi?"

Sisi tulibaki. Jimbo la mwisho lenye utiifu! Nikijisifu mpaka kwa majirani: wenzangu wamekwenda, mimi nimebaki na mkwe wangu. Na hapa nakuomba usome pole pole. Nilimpenda, ndiyo. Lakini sikubaki kwa mapenzi peke yake. Nilibaki kwa sababu sikujua mtu anaamkaje asubuhi akaamua mwenyewe kwamba leo tunapika samaki. Utiifu ni kitu kizuri, lakini hofu nayo huivaa kanga yake, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Bimkubwa, macho yake yaliyokwisha, aliwatofautisha. Shangazi yako Asha alipofiwa na mumewe akarudi kukaa Darsait, Bimkubwa aliniita.

"Zuwena, weye hapa unakaa kwa mapenzi au kwa woga?"

"Kwa mapenzi, Bimkubwa."

"Muongo weye. Nenda kafungue jiko lako, nife nimeliona."

Ndo tukaja hapa Ghubra. Na unadhani malkia mpya alifanya nini? Alinunua kabati. Akatia ndani samli na zafarani, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Ulikuwa ukitaka kwenda kwa rafiki unaniomba, nakujibu "tutaona" kwa sauti ya Bimkubwa kabisa, hata kile kikohozi kidogo cha kumalizia. Siku ya vikombe, baada ya kupangusa mkeka, uliendelea kusoma. Ukasema wale wafalme wapya, kila mmoja alipojitenga alivaa kama Delhi, akaandika Kifarsi kama Delhi, akajenga na kupanga baraza lake kama Delhi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona namna nyingine ya kuwa mfalme. Wewe ulikuwa unasoma tu. Mie nikatazama pindo la kanga yangu.

Ulidhani nimesahau kulifunga kabati siku ile. Ukaniambia mpaka kesho yake, "Mama, kabati liko wazi." Sikusahau, mwanangu. Wewe ndiye uliyelifungua, na kitabu cha kuazima.

Tangu hapo nikawa nakusikiliza kwa sikio jingine. Mwalimu wako wa Kimisri aliponiita skuli nilikwenda na moyo mkononi, najua umefanya balaa. Akaniambia, "Binti huyu hasomi tarehe, anasoma watu. Nani aliyemfundisha?" Nilitaka kumwambia ni sahani ya tende. Nikasema, "Mungu." Lakini njia nzima ya kurudi kwenye teksi nilikuwa nikicheka peke yangu, dereva akaniangalia kwenye kioo. Kama ningeweza ningeliteremsha kioo nikawapigia kelele watu wa Ruwi wote: mwanangu anasoma watu!

Kisha ikaja barua ya Haidarabad. Kati ya vikombe vyote, hichohicho. Kwamba umekubaliwa chuo kikuu huko kusoma historia. Ulinipa niisome, nikaisoma, nikakurudishia, nikasema, "Waulize ami zako." Najua neno lile lilivyokuuma. Uso wako ulijifunga kama duka wakati wa sala. Ukaniona mama asiyetaka. Na mie sikukwambia kitu, kwa sababu ndani mlikuwa na watu wawili wanagombana, mmoja anasema aende, mwingine anasema atakula nini, ataugua, atarudi mgeni. Badala ya kuwaamua nilikupeleka kwa ami zako. Watu wangu wa zamani hufanya hivyo: jambo likiwa zito, linapelekwa ghorofa ya juu.

Ile Ijumaa, Darsait, wewe ulikuwa jikoni na shangazi yako Asha. Ulisikia kelele tu. Sasa nikupe maneno yenyewe.

Wali umepakuliwa. Baba'ako kaleta habari, kaisema vizuri, kisha kainamia samaki wake anamtoa miiba kama anayetafuta kitu alichokipoteza. Khalfan akasema, "Ingekuwa udaktari, ningesema haya. Historia! Msichana avuke bahari peke yake, akawasome waliokufa?"

"Waliokufa tunao hapa Matrah makaburini," akasema Nassor, "tena bila ya nauli."

"Atarudi na sari," Thureya akasema. "Na chapati hatotaka tena, atataka sijui kitu gani cha kuchovya."

Wakacheka. Baba'ako hakucheka, lakini hakusema. Nikamtazama, nikaona naye anasubiri ghorofa ya juu iseme. Bimkubwa yuko kwenye kiti chake, macho kafumba, kichwa kimeinama. Tulidhani kalala. Khalfan akaosha mikono kwa ile namna yake ya kumaliza mashauri, na nikajua sekunde ile ikipita, barua yako imekwisha.

Nikasema, "Bimkubwa kesharidhia. Kasema aende."

Ndipo Bimkubwa akafumbua macho.

"Mie nimesema?"

Khalfan akatabasamu. Raya, nilitamani ule mkeka unimeze.

"Nimesema lini, Zuwena?"

Nikasema, "Ijumaa iliyopita, Bimkubwa. Nilipokuwa nakukanda miguu." Na miguu nilimkanda kweli. Mengine ndiyo hivyo.

Akaupapasa mkongojo wake, akaupata, akaugonga chini mara moja.

"Ijumaa iliyopita. Ehe. Nilisema. Khalfan, kuhama kwako Al-Khuwair si mie niliyesema? Nassor, mlango wa Ramadhani si mie niliyeufunga? Kila mtu humu ndani nimemsemea. Basi la mtoto huyu peke yake ndo nisingelisema?" Akangoja. "Tia wali, Thureya, unapoa."

Asha, aliyekuwa kaja kuchungulia mlangoni, ndiye aliyekurudishia habari jikoni. Ukatoka mbio, unga mpaka kwenye nyusi, ukapita mbele yangu, ukampigia magoti bibi yako ukambusu mikono yote miwili. "Ahsante bibi, ahsante bibi." Akakupapasa kichwa, na macho yake yale yasiyoona yakaelekea nilipokaa mie, sawasawa kabisa, kama anayenitazama.

Baadaye, wengine wamekwenda kusali, nikamkanda miguu. Sikujua pa kuanzia. Akaanza yeye.

"Jina langu limechakaa, Zuwena. Kila mtu kalitumia, na leo na weye umelitumia, na sikukataa, kwa sababu ulilitumia kwa kheri. Lakini lako liko jipya. Unalihifadhi kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia, "Nilichelea wasinisikilize."

"Hwenda wasingekusikiliza. Usingekufa." Kisha akasema, "Hapo, hapo kwenye kisigino. Tia nguvu."

Basi ndilo hilo lililonikaa. Ulisafirishwa kwa uongo wa mama'ako uliopigwa muhuri na bibi yako. Muhuri ni wake, namshukuru mpaka kufa. Matakwa yalikuwa yangu. Na mimi ndiye niliyekuacha umbusu yeye mikono, nikanyamaza, kwa sababu hata furaha yangu nilikuwa sijajifunza kuisema bila ya kumtanguliza mtu.

Raya, unakokwenda utakuwa na jiko lako. Sikuombi uyapike yangu. Nakuomba usinisomee khutba. Unanielewa. Usinipigie simu kila Ijumaa ukaniambia alhamdulillah mama, kila kitu kizuri mama, jina langu linatukuzwa na habari yenyewe haifiki. Ukifeli mtihani, niambie umefeli. Ukilia, nililie kwenye simu mpaka kadi iishe. Ukibadilika, na utabadilika, badilika mbele yangu, nikuone, nizoee. Sitoleta jeshi. Jeshi langu ni hofu, unalijua, umeishi nalo, linalala na linaamka nami. Nimeliambia libaki hapa Ghubra, na wewe usiliogope likipiga kelele kwenye simu. Ni kelele tu.

Na wewe ukitaka jambo, usiseme mama kasema, wala baba kasema, wala kwetu hatufanyi hivi, ilhali ni wewe usiyetaka. Sema nataka. Sema sitaki. Utaona neno lenyewe fupi, lakini mimi limenichukua umri mzima, na leo ndo kwanza naliandika.

Idd iliyopita, unakumbuka, Bimkubwa aliwaambia wote warudi wachome Darsait kwenye tanuri la zamani. "Na mje na alama zenu," akasema. "Nataka nizishike." Yalipotoka makapu akawekewa mbele yake, akayapapasa moja moja. Utepe wa Thureya, akacheka: "Bado hakichuji." Waya wa Nassor. Akafika kwenye letu, akapapasa juu, akapapasa chini, akapapasa tena. "La Zuwena lina nini?" Halikuwa na kitu. Nikamwambia, "Si ulikataza alama, Bimkubwa." Watu wakacheka, na yeye akacheka, lakini mkono wake hakuuondoa upesi juu ya kapu lile.

Nimemaliza kulifunga sanduku. Huko uwanja wa ndege masanduku yote yatatoka yanafanana, meusi, kama makapu yetu. Nimekata pindo la kanga yangu ya kijani, ile niliyoinunua Matrah siku ya kwanza niliyokwenda sokoni bila ya kumuuliza mtu, nikalifunga kwenye mkono wa sanduku. Fundo tatu. Kitambaa hiki nacho hakichuji. Hili nitakwambia kwa mdomo kabla hujaondoka: ukikiona kinakuja, hicho ni chako.

Nasikia gari. Unacheka huko nje, baba'ako anakukataza kupiga kelele usiku na yeye mwenyewe anacheka. Nalifungua sanduku kidogo, barua hii naitia chini ya koti, utaikuta umeshafika.

Sikutumwa na mtu kuandika haya, na hakuna aliyesema. Mimi nataka uende. Nimetaka tangu siku ya vikombe. Nenda, mwanangu, ukawasome watu.

Zuwena